Salamu za Mama Texas

Nilikuwa kwenye foleni ya magari nje ya shule ya binti yangu, hapa Grand Prairie, Texas, simu ilipoanza kulia mfululizo. Lile kundi letu la wamama Wakenya, ambalo siku nyingi ni la kuuziana unga na kuulizana nani anajua msusi mzuri, lilikuwa limejaa vilio. Amekufa. Nikaandika, "Nani?" Mmoja akanirukia, "Kwani uko wapi wewe? Yule wetu wa kantri!" Hakutaja jina, na mimi sitalitaja. Kama wewe ni mtu wa muziki huo unamjua, na kama sivyo, jina halitakusaidia.

Nikalia pale pale nyuma ya usukani, kilio cha makamasi. Binti yangu akaingia na mkoba wake, akaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, ni nani amenikosea. Nikamwambia kuna mwimbaji amekufa.

"Tunamjua?"

"Ndiyo."

"Na yeye anatujua?"

"Funga mkanda."

Acha nikueleze, rafiki yangu, maana mtoto wa miaka sita haelezeki. Mimi nimekulia milimani, kule kwenye viazi na baridi ya kuuma masikio, kwa nyanya yangu. Wazungu ninaofanya nao kazi ghalani Mesquite hushangaa wakinisikia nikiimba nyimbo za huyo mtu neno kwa neno. Wanadhani nilijifunza hapa ili niwafurahishe. Ningewaambia nini? Kwamba kwetu mtu anaweza kukosa viatu lakini hakosi maoni kuhusu wapiga gita wa Texas? Kwamba nilijua majina ya barabara zao kuu kabla sijawahi kupanda gari ambalo mlango wake ulifungika bila kamba?

Redio ilikuwa ya Baba. Mama yangu alikuwa ameolewa kwingine kabla sijaota meno, na Baba naye akaondoka nikiwa na miaka sita, akasema anaenda Texas kusoma. Nyanya hakuwa amefika hata Nairobi, lakini Texas aliielewa: ni pale yule mwimbaji anatoka. Hilo lilimtuliza. Kiingereza hakujua, akawa ananiuliza huyu anasema nini, namwambia anamlilia mama yake. Mara nyingi ilikuwa kweli. Basi akasema mahali panapozaa mwanamume wa kumlilia mama yake hivyo hapawezi kumharibia mwanawe.

Mwaka wa kwanza Baba alipiga simu mara tatu, kwa simu ya jirani, akatuma na picha moja: kofia pana ya kauboi, ameegemea lori jekundu ambalo hata mimi mtoto niliona si lake. Mwaka wa pili, kimya. Hakuna barua, hakuna simu, hakuna mtu wa kuja kusema nimemwona mahali fulani, amenenepa.

Jumamosi kazi yangu ilikuwa kuanika betri. Nilizitoa redioni, nikazipanga juu ya jiwe karibu na hori la ng'ombe zipate jua, na ole wangu mvua inikute nikiruka kamba. Zikipigwa na jua zilipata nguvu kidogo, na hiyo kidogo Nyanya aliitunza. Hakuna habari, hakuna mahubiri, hakuna matangazo ya vifo. Redio ilinyamaza mpaka Jumapili saa kumi na mbili jioni, saa ya kipindi cha kantri. Hapo nimeshakata majani ya ng'ombe, nimeteka maji, miguu imepasuka kwa baridi nimeipaka mafuta ya maziwa. Jikoni moshi wa kuni mbichi, sufuria ya mukimo wa viazi vilivyopondwa imefunikwa kwa jani la mgomba, mvua inapiga mabati mpaka inabidi tuinamie redio kama tunainusa. Jirani alikuja bila kualikwa, mwanamume mzima na buti za kauboi alizozipata kwenye mitumba, moja kubwa kuliko mwenzake. Akikanyaga mdundo, ile kubwa inachelewa.

Halafu kulikuwa na kadi za salamu. Kama hukuziwahi, ziliuzwa dukani, zina mistari. Unaandika wimbo unaoutaka, majina ya watu unaowasalimu, na ujumbe mfupi, unatuma kwa posta, mtangazaji anasoma hewani. Watu walijaza majina mpaka pembeni: shemeji wote, mwalimu mkuu, kinyozi wa sokoni. Kadi ya Nyanya ilikuwa na jina moja, kila wiki lile lile. Yeye hakujua kuandika, kwa hiyo mwandishi nilikuwa mimi, nimelala kifudifudi juu ya gunia, yeye anamenya viazi na kunitajia maneno.

"Mwambie ng'ombe amezaa ndama jike. Mwambie mtoto amekuwa namba tatu darasani. Mwambie mtoto ameanguka kutoka kwa punda akavunjika mkono, lakini ni ule wa kushoto, asiogope. Andika vizuri, asije akasema tumemsahau."

Mtangazaji ndiye aliyempa jina la Mama Texas, na likamganda. Mpaka sokoni aliitwa hivyo, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kumcheka. Jirani alikuwa wa hao wa kucheka.

"Mama Texas, hiyo redio hata Mombasa inafika ikikohoa. Mwanao atasikia kwa masikio gani?"

"Sauti ya huyu inatoka Texas mpaka jikoni kwangu," Nyanya alimjibu. "Yangu itakosaje njia?"

"Yako haina gita!"

"Na wewe una buti na huna ng'ombe. Kunywa chai."

Nilipofika darasa la saba, mwalimu wa sayansi alituchorea mlingoti wa redio ubaoni, na mawimbi yakitoka kama duara za maji. Akasema hiyo stesheni mnayosikiliza nyumbani inafika hapa, akachora mstari, ikivuka mpaka wa nchi imeshakufa. Nilirudi nyumbani na hilo jambo tumboni. Nikakaa karibu na Nyanya, nikachukua kisu, nikamenya viazi.

Ungedhani nilimhurumia. Nitakwambia ukweli, nilifurahi. Miaka yote nilikuwa nalala nikijiuliza Baba anasikiaje haya yote halafu hapigi simu. Sasa nikapata jibu. Mawimbi hayafiki. Kama hayafiki, hajasikia. Kama hajasikia, basi hajatukataa, ni redio tu haina nguvu. Tangu siku hiyo niliandika kadi kwa moyo mweupe, na mwandiko ukawa mzuri zaidi. Niliandika mpaka kidato cha nne.

Nyanya aliaga nilipokuwa nasubiri matokeo ya mtihani. Kadi ya mwisho niliituma mwenyewe, nikaomba wimbo ule ule wake, na pale pa ujumbe nikaandika: mama yako tumemzika Alhamisi. Jumapili iliyofuata ilisomwa. Yule mtangazaji, mtu wa porojo kutwa kucha, aliweka wimbo bila kutia neno.

Mimi nilifika Texas kwa ile kura ya viza, pamoja na mume wangu. Miaka sita sasa. Nimemuulizia Baba makanisani, nimemuulizia matangani, nimemuulizia kwa kila Mkenya niliyesimama naye kwenye kasha la kabeji dukani. Jimbo hili ni kubwa kupita kiasi na watu wake wote wako garini. Hakuna aliyemjua.

Kwa hiyo niliposikia kwamba Wakenya wanakutana Jumapili, baada ya kanisa, kwenye bustani kando ya ziwa hapa Grand Prairie, kumkumbuka mwimbaji, nilienda kwa sababu moja ambayo hata mume wangu sikumwambia. Kama Baba bado anapumua ndani ya Texas, leo atakuja. Asipokuja kwa hili hatakuja kwa lolote.

Watu walitoka Dallas, Fort Worth, wengine wakaendesha gari kwa saa nne kutoka Houston. Nyama ilikuwa inachomwa, spika imewekwa juu ya meza, wauguzi wamekuja na sare za kazini, wazee wamevaa kofia pana na mishipi yenye vifungo kama sahani. Nilitembea nimemshika binti yangu mkono, nikichungulia chini ya kila kofia. Mzee mmoja akaniuliza kama nimepoteza mtu. Nikamwambia nahesabu kofia.

Mtu akapendekeza kila mmoja aseme alikutana wapi na nyimbo za marehemu. Mmoja akasema kwenye harusi ya dada yake. Muuguzi akasema ni marehemu aliyemvusha zamu za usiku alipokuwa mgeni hapa, hana rafiki. Zamu yangu ilipofika nikasema ya Nyanya. Nikasema za betri, kadi, jina moja kila wiki. Watu walicheka pale pa buti za jirani.

"Subiri," akasema yule mzee aliyeniuliza kama nimepoteza mtu. Alikuwa wa Houston. "Wewe ndiye yule wa punda?"

Nikamtazama.

"Wa mkono wa kushoto! Namba tatu! Ngai, huyu ni mtoto wa Mama Texas!" Akavua kofia, akanishika mabega, macho yamemjaa machozi. "Tulikuwa tunakungoja wewe kuliko wimbo. Ulipopita darasa la nane tulikunywa soda kwa ajili yako!"

Akaeleza akiwa na furaha kabisa, hakujua ananifanya nini. Kule Alief, Houston, kulikuwa na duka la Mwafrika, na nyuma yake chumba chenye viti na kompyuta. Stesheni ilikuwa imeanza kusikika kwenye mtandao. Kwetu jioni, kwao asubuhi. Wanaume walikusanyika kila Jumapili, chai na mandazi, wakasikiliza kipindi cha kantri kisha wakaenda kanisani.

Nikamtajia jina la Baba. "Alikuwa anakuja?"

Mzee akaiangalia kofia yake. Furaha ikamtoka usoni polepole.

"Mami, yeye ndiye alikuwa anawasha hiyo kompyuta."

"Alikuwa anasikia kadi zetu."

"Ikisomwa yenu alituambia tunyamaze. Ikiisha anatoka nje."

"Na ya mazishi?"

"Hiyo pia. Siku hiyo hakurudi ndani."

Nilimuuliza kwa sauti iliyofanya mpaka wachoma nyama wageuke. "Na nyinyi? Wanaume wazima mmekaa na mandazi, mnasikiliza mama mzee akiita mtoto wake miaka na miaka, hakuna hata mmoja wenu wa kumwambia piga simu?"

Hakukasirika. Heri angekasirika. "Kila mmoja mle ndani alikuwa na mama yake ambaye hampigii," akasema. "Nani angemwanza mwenzake?"

Kisha, bila kuniuliza, akabonyeza simu yake akanipa. Bado wanajuana. Bado yuko Alief. Ikalia mara nne, ikajibiwa na sauti nyembamba ya mzee, sauti ambayo sikuijua kabisa, na nyuma yake televisheni.

"Ndiyo, bwana?"

"Si bwana. Ni mtoto wa Mama Texas."

Televisheni ikazimwa. Nikasikia anapumua.

"Ulikuwa unasikia?" nikamuuliza.

"Kila Jumapili."

"Na hukupiga."

"Sikuwa na makaratasi. Shule ilinishinda. Nikasema nikijipanga kidogo nitapiga. Ukapita mwaka, ukapita mwingine. Ukishanyamaza hivyo, utaanza na neno gani?"

"Halo," nikamwambia. "Ungeanza na halo, angekuwa ameshalia kabla ya neno la pili."

Nikamwambia nambari yangu atapewa na rafiki yake, nikakata, nikamwandikia mzee nambari, nikamrudishia simu. Watu wakanijia na pole zao, wakadhani ni msiba wa mwimbaji unaniliza hivyo. Muuguzi mmoja akanikumbatia, akasema yule mtu ameenda lakini nyimbo zake tutabaki nazo. Garini binti yangu aliomba niweke redio, na stesheni zote zilikuwa zinapiga nyimbo zake wiki hiyo. Nikaweka. Marehemu akaimba mistari miwili, akafika pale anapomtaja mama yake, na mimi badala ya kuona jikoni kwetu na mvua na Nyanya ameinama, nikaona chumba cha nyuma ya duka, wanaume wamenyamaza kwa heshima, wanatafuna. Nikazima. Sijaweka tena.

Kule nyumbani hakuna wa kumuuliza chochote. Shamba limeuzwa, jirani amekufa, kadi za salamu ukimwambia kijana wa leo ataona unamdanganya. Ningeweza kuvumilia hayo yote, kila mtu aliyetoka kwao ameyavumilia. Lakini nilikuwa na baba asiyesikia. Nilimtunza tangu darasa la saba, nikavuka naye bahari, nikamtafuta kwa upole, sikuwahi kumsema vibaya mbele ya mtoto wangu. Huyo ndiye aliyekufa wiki ile ile na mwimbaji, na hana hata watu wa kumkusanyikia kando ya ziwa.

Mume wangu anasema niende Houston, ni mwendo wa saa nne tu, nikamwone uso kwa uso nimalize hasira. Siendi. Nambari yangu anayo. Hii ni wiki ya tatu.