Mama wa Nyumbani, Mama wa Kalembe

Soko zima la Kalembe lilimjua mama yangu kama mchekeshaji. Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipoligundua hilo, tena mbele ya watu, bakuli la maharage likiwa mikononi mwangu.

Nyumbani kwetu, juu kwenye vilima vya Masisi, mama alikuwa mtu wa maneno machache. Alipopima maharage ya kupika, alifuta juu ya bakuli kwa kiganja ili punje isizidi. "Mimi niko mukali," alituambia mara kwa mara, nasi tuliamini. Mimi nilijiona mtu mzima. Nilibeba kitunga kilichojaa mgongoni, mkanda wake ukinikaza kwenye paji la uso, bila kupumzika njiani.

Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilimwomba aniache niende sokoni peke yangu.

"Kwanza nikuone ukipima," akasema.

Kalembe ndiko tulikokutana na wanawake wa msituni, waliopanda kutoka upande wa Walikale na chupa za mawese. Mama alibadilishana na mmoja tu, siku zote huyohuyo: bakuli la maharage kwa chupa ya mafuta. Siku hiyo mama alisimama nyuma, mimi nikapima. Nilijaza, nikafuta juu kwa kiganja, nikamimina. Kisha nikakaza uso kama wake.

Yule mwanamke akasubiri. "Na matabishi? Hata kiganja moja ya kuongeza?"

"Imeisha, Mama," nikamjibu.

Akapiga makofi kuita wenzake. "Mukuje muone! Huyu mutoto iko muzee kuliko mama yake!" Akamgeukia mama. "Njo huyu unasemaka anagawaka hata chakula yake?"

"Njo yeye," mama akakubali, ndiye mimi.

Sikujua kwamba mama alikuwa akinisifu huko. Mama akachota maharage kwa viganja viwili, akaongeza, kisha akauiga uso wangu na kutembea kifua mbele kama chifu wa kijiji. Wanawake wakacheka hadi wakashikana mabega.

Njiani nikamuuliza, "Mama, kumbe unachekeshaka watu?"

"Mimi? Mimi niko mukali," akajibu, bila tabasamu.

Ruhusa yangu hakuitaja. Asubuhi ya soko lililofuata nilikikuta kitunga mlangoni, kimejaa. Mkanda ulikuwa umefunguliwa, haujafungwa kwa kipimo cha kichwa chake wala changu; aliniachia niufunge mwenyewe.