Mguu wa Kwenda Shambani

Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa miguu ya bandia katika karakana ndogo pale Ifakara. Mkuu wangu, mhandisi aliyesomea nje, alikuwa na amri moja: mguu lazima ufanane na mguu. Basi nilichonga vidole, nikachonga na kucha. Kucha zangu zilipendeza kuliko za watu wengi waliozaliwa nazo.

Siku moja akaja mama mjane kutoka Lumemo. Alikuwa amekatwa mguu chini ya goti baada ya kuumwa na nyoka. Shida yake aliieleza bila kuzunguka: mdogo wa marehemu mumewe alishatangaza kwamba mvua zikianza, shamba la mpunga atalilima yeye, maana mwenye mguu mmoja hawezi. Na shamba likishalimwa na shemeji, nani atalirudisha?

Nikamtengenezea mguu mzuri ajabu. Akaugeuza huku na huku.

"Mwanangu, huu ni wa kwenda kanisani," akasema.

Nikamshukuru. Nilidhani nasifiwa.

Mvua zilipoanza akarudi kwa magongo, mguu wangu ameufunga kwenye kanga. Ulizama topeni ukagoma kutoka, mikanda ikakatika. Aliyeufukua ni shemeji yake, huku akicheka.

"Nitengenezee usio na vidole," akaniambia. "Tope linavipenda mno."

Nilikasirika, sifichi. Mkuu alinuna zaidi yangu. Lakini msimu haukuwa na muda wa kungoja sisi tukubaliane juu ya urembo. Nikachukua kipande cha bomba, nikakifunga chini kitako cha mti cha mviringo mithili ya kwato, nikakivisha mpira wa tairi kuukuu. Kilikuwa kitu kibaya kabisa. Nilimkabidhi nyuma ya karakana, wateja wengine wasije wakakiona.

Wiki kadhaa baadaye mwanamume mmoja aliegesha baiskeli mlangoni, miguu yake yote miwili mizima. Akauliza ni nani aliyetengeneza mguu wa yule mjane wa Lumemo. Nikasimama, nikijiandaa kuomba radhi kwa sura ya ule mguu.

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni shemeji yake. Amepandikiza shamba zima, mpaka kwenye kona." Akashusha pumzi. "Sasa miche yangu niipeleke wapi?"

Sijawahi kusifiwa vile tangu niingie kwenye ufundi. Nikamvutia kiti.