Sangara wa Mstari wa Mwisho

Mume wangu, Mwalimu Projest, anafundisha baiolojia, na ukitaka kumharibia siku mtajie mwenye mashine ya fotokopi wa hapa Pasiansi. Tangu biashara binafsi ziruhusiwe kila mtu kafungua duka lake, na huyu kafungua la kula mistari. Akitoa nakala, mstari wa chini haupo. Ukiitolea nakala ile nakala, unaondoka mstari mwingine. Mwaka jana Akelo, binti wa Mzee Okeyo, alifeli mtihani wa kuingia chuo cha maabara kwa sababu ya mstari wa notisi zake za masomo ulioliwa hivyo. Baba yake akasema akifeli tena, anakwenda kiwandani kukata minofu ya sangara.

Projest akaja na dawa yake. Chini ya kila ukurasa wa notisi, zote za Kiingereza, aliandika "sangara sangara sangara" mistari kadhaa.

"Acha mashine ishibe sangara," aliniambia, "somo langu lipone."

Sangara walipopungua, aliwaongeza kwa kalamu. Na yeye akiwa na sangara wake, mashati yake nani apige pasi? Mimi.

"Ndivyo seli zinavyofanya!" alifoka barazani mbele ya wanafunzi. "Kila seli inaponakili kromosomu zake, ncha inapungua kidogo. Ndiyo maana ncha zimejazwa maneno matupu, yanarudiwa-rudiwa. Yaliwe hayo! Na seli za uzazi zina kimeng'enya kinachoyaandika upya. Mmeelewa?"

"Ndiyo, Mwalimu!"

Wameelewa wapi! Kwenye jaribio, walipoulizwa kuhusu ncha, wote waliandika sangara, Akelo akiwamo. Swali la Kiingereza, mtu anajibu sangara! Projest alitupa kalamu, ndizi zangu hakuzigusa. Nami nilichoka kabisa, maana nyumba nzima ilikuwa sangara tupu na hata mmoja hajaingia chunguni.

Siku ya mtihani wenyewe Akelo alipitia kwetu.

"Shikamoo mama. Shikamoo Mwalimu. Swali la ncha limetoka."

Projest alisahau hata kuitikia. "Umeandika nini?"

"Kwamba ncha zinapungua ili ujumbe wa ndani upone, na kimeng'enya kinazirefusha tena."

"Na sangara?"

Akelo akatazama viatu vyake. "Niliwaandika, Mwalimu. Halafu nikakumbuka harufu ya kiwandani, nikawafuta."

Projest akakaa chini, akajifuta uso kwa mikono miwili.

"Uliwafuta vizuri?" akauliza.