Jogoo wa penseli juu ya dari

Saa mbili asubuhi, Mama Maji anazima feni, anafunga madirisha na kutandika nailoni sakafuni, kona hadi kona. Anavaa ovaroli ya kutupwa, anaibana barakoa puani, kisha anapanda ngazi na chupa ya kunyunyizia mkononi.

Chumba ni cha muuguzi mstaafu. Keshokutwa fundi anakuja na nyundo kuivunja dari hii kuukuu, ili binti wa muuguzi akirudi na kichanga chake akute chumba kipya. Muuguzi na mwandishi wa makala haya wanachungulia kwa nje, kupitia kioo cha mlango.

Mafundi ndio waliompa jina la Mama Maji kwa utani, maana hagusi kitu kabla hajakilowesha. Kazi yake ni kukagua nyumba za zamani kama zina asbesto, ile malighafi iliyochanganywa na saruji kutengeneza mapaa na dari, ambayo nyuzi zake zikivutwa puani huharibu mapafu taratibu, kwa miaka mingi.

Ananyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo, anasubiri, ananyunyiza tena. Ana miaka hamsini na mbili na mikono mipana ya kubeba magunia, lakini anakata kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba bila kudondosha hata chembe. Kipande kinaingia kwenye mfuko, na mfuko ndani ya mfuko mwingine. Tundu analiziba kwa rangi. Mwandishi anagundua kwamba muda wote huo na yeye amebana pumzi.

Mwisho analowesha kingo za kifuniko cha kupandia darini, anakiinua taratibu na kupiga picha kwa simu. Akishavua ovaroli na kunawa, anatuonyesha. Juu ya ubao wa dari, mahali ambapo mwenye nyumba hafiki, kuna kichwa cha jogoo kilichochorwa kwa penseli.

“Huyu ni baba,” anasema.

Baba yake alipiga dari kwa miaka kumi na tisa. Wenzake walimwita Jogoo kwa kuwa alifika kazini kabla ya wote, na kila nyumba aliyoimaliza aliichorea jogoo wake, kwa maringo tu. Hakuna aliyewaambia kuhusu vumbi. Alikata mbao hizo za saruji na asbesto kwa msumeno, pua wazi, na masalia akawapelekea wanawe.

“Yalikuwa yanaandika vizuri kuliko chaki,” anakumbuka Mama Maji. “Tulichora uwanja mzima. Tulijua baba katuletea zawadi.”

Leo Jogoo ana miaka themanini na moja, na hamalizi sentensi bila kupumzika. Kumbukumbu, hata hivyo, haijashika kutu. Kila jioni anamtajia bintiye nyumba alizopiga dari, naye anaandika kwenye daftari la shule. Zimefika mia mbili na kumi na nne. Mia moja thelathini na moja ameshazikagua.

“Mwenye ramani ni yeye peke yake,” anasema. “Naogopa pumzi yake itaisha kabla ya daftari.”

Jogoo wa penseli hathibitishi kitu. Maabara ndiyo inayothibitisha. Fundi aliombwa asubiri, na siku nne baadaye jibu likaja: asbesto imo. Muuguzi alitaka dari ing’olewe siku hiyohiyo.

“Mama, hii haijapasuka wala kuoza,” Mama Maji alimwambia. “Ikitulia hivi, haitoi vumbi. Nyundo ndiyo ingemwaga sumu kwenye kitanda cha mjukuu wako.”

Akamweleza: ipakwe rangi, isipigwe msumari wala kutobolewa, iandikwe onyo, ikaguliwe kila mwaka. Ubao mmoja tu, wa bafuni, uliopasuka kwa kuvuja, utatolewa na watu wenye leseni, ukiwa umeloweshwa, mzima, na kufungwa kwa nailoni mara mbili. Muuguzi alikaa kitandani akaitazama dari, halafu akamshika Mama Maji mkono.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. “Mimi nimeshavunja ngapi?” aliuliza taratibu. Mama Maji hakumficha. Alimwelekeza hospitali akapimwe kifua, kisha akamwomba naye azitaje nyumba alizovunja dari.

Jioni, nyumbani kwake, Jogoo anashika simu ya bintiye kwa mikono miwili na kuitazama picha. Mwandishi hajawahi kuona mzee akijiangalia namna ile.

“Nikamfute kule darini, Baba?” anauliza bintiye.

“Mwache.” Anapumzika. “Zamani nilimchora aringe. Sasa awaonye watu.”

Mama Maji anafungua daftari. Mpango wake ni kuanza kesho na zile themanini na tatu zilizobaki, na nyingine zozote atakazotajiwa. Mzee amefumba macho, kifua kinapanda na kushuka kwa shida, na chumba kizima kinamsubiri.

“Andika, mama,” anasema hatimaye. “Nyumba ya kona. Ile ya mbwa aliyeniuma.”