Alama za Tindo

Mwongoza watalii alikuwa ameshataja wafalme tisa, na msichana alikuwa ameshawasahau wote tisa. Wanafunzi wenzake walishikana mabega wakipiga picha kwenye lango la mji mkongwe. Yeye, binti wa fundi mwashi, alikuwa ameganda pembeni, pua karibu na ukuta kama anayeunusa. Mara akampigia baba yake simu ya video.

"Shikamoo, baba. Ndio huu mji niliokuambia. Ukuta wake una miaka mia sita!"

"Marahaba. Sogeza simu," baba akasema, vumbi la saruji likiwa bado usoni. "Sogeza tena. Hapo hapo! Unaiona michirizi ya tindo? Kwenye mawe mengine yote imelalia huku, kwenye jiwe hilo imelalia kule. Aliyelichonga alikuwa mashoto, kama mimi."

Mashoto ndilo jina alilopachikwa baba tangu utotoni, na halikuwa la kumsifu. Mafundi wawili walikataa kumfundisha kazi kwa sababu ya mkono huo wa kushoto. Mkono huo huo ndio uliojenga nusu ya mtaa, ukamsomesha binti hadi chuo, na chuo kikamleta ng'ambo wikiendi hii.

Msichana akaweka kiganja juu ya lile jiwe. Machozi yakamlengalenga.

"Ahsante, fundi," akanong'ona.

"Haya, mwanangu," baba akajibu kwenye simu.

Msichana alidhani anamshukuru yule wa ukutani, kumbe aliyeitika ndiye fundi mwenyewe.