Bodi Fupi

Tela tulilonunua lilikuwa la shingo ndefu, lile lisilofungwa nyuma ya bampa. Shingo yake hupanda juu ya bodi ya pikapu na kukaa kwenye kiungo kilichofungwa katikati, karibu na ekseli. Nilitaka kuligeuza jiko, niwapikie watu wa maghala ya Mobeni. Tatizo lilikuwa pikapu yetu. Ilikuwa ya milango minne, na bodi yake ilikuwa fupi mno.

Fundi wa kuchomelea, Mkongo mpole mwenye karakana hukohuko Mobeni, alituwekea viungo viwili chini.

"Mama, hapa iko mbili," aliniambia. "Hii inabaki palepale. Hii ingine iko na reli. Ukitaka kukata kona kali, unavuta komeo, shingo inarudi nyuma. Kwa bodi fupi, mi nashauri ya reli. Bila ile, kona ya tela itaingia mu kioo ya nyuma."

Mume wangu hakuigusa hata kidogo ile ya reli. "Funga hii isiyosogea. Nitakata kona taratibu."

"Baba, msikilize fundi," nikasema.

"Anayeendesha ni nani?"

Tulikuwa na siku tatu hatuzungumzi vizuri kwa sababu ya kiungo hichohicho cha reli, na mama mkwe alikuwa kiti cha nyuma. Tulikuwa tumetoka naye kliniki ya macho, foleni ikatuchelewesha, hatukuwahi kumrudisha kwanza nyumbani South Beach. Usingizi ulikuwa umemchukua, kajitanda khanga, kichwa kakiegemeza kwenye kioo cha mlango.

Fundi alikifunga kiungo kile kwa bolti nne, shingo ikashushwa juu yake. Akasema lazima tujaribu palepale uani kabla ya kuingia barabarani. Nilisimama ubavuni niangalie nafasi kati ya tela na kabini. Mume wangu akaanza kurudi nyuma huku anakata usukani.

Nafasi ilikuwa ya mkono mzima. Ikawa shubiri. Ikawa vidole vinne. "Simama!" nilipiga kelele, lakini mashine za kiwanda cha jirani zilimeza sauti yangu. Nikapiga bodi kwa kiganja. Baadaye aliniambia alidhani namwambia aendelee.

Kioo cha nyuma hakikupasuka ufa. Kilimwagika chote kwa mara moja.

Nilifungua mlango wa nyuma. Mama mkwe alikuwa ameinama, mgongo mzima umejaa chenga za kioo. Mume wangu alizunguka mbio akimwita, "Mama! Mama!" Ndipo ile khanga ikainuka taratibu, na uso wake ukatokea, hauna hata mkwaruzo.

"Nani amenimwagia chumvi?" aliuliza.

Fundi alicheka, akajizuia. Sisi hatukuweza kucheka. Mume wangu alipiga magoti kwenye mafuta na vumbi la karakana, akawa anamtoa mamaye chenga moja moja kwenye nywele. Bila kuniangalia akasema, "Bandarini niliona mzigo ukiteleza. Komeo halikuwa limeshika. Yule jamaa aliyefia chini yake tulikuwa tumekula naye asubuhi ileile."

Nilikuwa nimeishi naye miaka sita na sikuwahi kusikia habari hiyo. Siku zote tatu nilidhani ni ubishi tu.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekuambiaje?"

Mama mkwe aliushika mkono wake. "Mwanangu, funga alichosema fundi. Na hilo komeo alishike mkeo."

Ndivyo ilivyokuwa. Kiungo cha reli kikafungwa. Kabla ya kila kona kali nilishuka nikavuta komeo. Kona ikiisha, aliiweka pikapu sawa na tela, nikalirudisha na kulitikisa kwa mikono miwili. Madereva waliokuwa nyuma yetu walipiga honi wakatutukana kwa Kizulu na Kiingereza. Mume wangu hakuondoa gari hata siku moja mpaka anisikie nikisema, "Limeshika." Na hata hapo aliniuliza tena, "Una hakika?"