Siri ya Ubavu wa Rafiki Yangu

Kosa ni langu. Nalitanguliza hilo kwa sababu hapa kwetu watu wananihurumia, wananiletea maziwa na kunipa pole, na huruma yao inanichoma kuliko huu mgongo.

Nilifanya kazi ya mgodi huko Geita, chini kabisa, miaka mitatu. Nilikwenda na rafiki yangu ambaye hapa nitamwita Shija. Tulichunga ng'ombe pamoja Shinyanga, na kambini tulilala chumba kimoja, tukala sufuria moja.

Siku moja ikatangazwa kwamba karakana ya juu inataka mtu mmoja mwenye nguvu. Jaribio lenyewe lilikuwa ekseli ya toroli pamoja na magurudumu yake mawili. Unaivuta toka chini mpaka mabegani kwa mvuto mmoja, kisha unaipandisha juu ya meza ya fundi. Atakayeweza mara tatu ataachana na shimo. Tulipewa muda mpaka baada ya mavuno ya pamba. Jamani, nani hakulitaka jua! Mimi kule chini nilikuwa nakohoa vumbi, na kila nikilala naota mwamba unanifunika.

Shija akapanga namna ya kufika. Alipata bomba kuukuu, akashona mifuko miwili, tukaifunga huku na huku na kutia mchanga. Kila mwezi ukiandama tuliongeza kibaba kimoja kila upande, basi. Na huongezi mpaka uzito ulio nao umeuinua mara tano, mgongo umenyooka, viwiko vimetangulia mbele. Mimi nilikuwa nyuma yake vibaba vinne. Nikilalamika ananiambia lengo lake si langu, niache kuchungulia mfuko wake.

Nyapara wetu, Baba Kulwa, Msukuma mwenzetu, alinikuta nimenuna. Akanikaribisha pombe kwake, akanihoji juu ya mazoezi yetu, nami nikamweleza yote, mifuko, vibaba, mwezi.

"Ngosha," akaniita kwa Kisukuma, yaani mwanamume, "yule anakuchelewesha makusudi. Wewe una mwili kumshinda. Ongeza kila juma, mimi nitakusimamia."

Maneno matamu hayo! Nikayameza. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia mvua, iwapo Shija ni mzima kweli.

Hapo ndipo nilipofanya ubaya. Mwaka uliotangulia jiwe lilimwangukia Shija, likamvunja ubavu. Hakwenda kwa daktari. Mgodini kila mtu alificha maumivu yake, maana aliyeonekana mbovu alirudishwa kwao. Mimi ndiye niliyemkanda kwa maji moto na kumfanyia sehemu ya kazi yake mpaka akapata nafuu, na niliapa kunyamaza. Wala sikuwa nimelewa, msinitafutie udhuru. Nilisema, na upande wa ubavu nikautaja.

Juma lile lile Shija aliitwa kwa daktari, akabonyezwa palepale. Kesho yake alikunja mkeka wake. Bomba na mifuko aliniachia mimi.

"Usiruke," aliniambia. "Kibaba kimoja, mwezi hadi mwezi."

Nilishindwa kumtazama usoni.

Nikaruka! Kila juma Baba Kulwa alijaza mchanga na kunisifu. Viwiko vikawa vinachelewa, mgongo unapinda, yeye anasema hiyo ndiyo nguvu. Siku ya jaribio niliivuta ekseli, ikafika mapajani, kitu kikakatika kiunoni, nikaanguka nayo. Nikiwa bado chini nilimwona shemeji yake Baba Kulwa, mtu wa Segese, akisogea. Akaiinua mara tatu, viwiko mbele, mgongo wima. Baadaye niliambiwa kwamba shemeji huyo alikuwa akifanya mazoezi nyuma ya nyumba ya nyapara, kibaba kimoja kila mwezi. Mpango wa Shija huo, nilioupeleka mwenyewe kwa mdomo wangu!

Nilisalitiwa, ndugu zangu. Alinichezea kama mtoto.

Mimi nami nikarudishwa nyumbani. Siku hizi siwezi kuinuka peke yangu. Kila asubuhi Shija anakuja, ananishika makwapani, ananikalisha kwenye kigoda. Juzi akasema, "Sisi wawili alitusaliti mtu mmoja." Alikuwa anamsema nyapara. Nikamjibu, ndiyo.

Enyi mnaofanya kazi za nguvu, jipangieni malengo yenu na myafuate taratibu, msiyapime kwa mfuko wa mwenzenu. Na mtu akikusifu huku anakudodosa habari za maumivu ya rafiki yako, inuka uondoke, hata kama hujamaliza kunywa. Mimi sikuinuka.

Shija hajui kusoma. Gazeti hili analileta yeye toka dukani na mimi namsomea, na barua za wasomaji ndizo anazozipenda. Hii nayo nitamsomea, yote, bila kuruka neno. Kisha nitangoja asubuhi, nione kama atakuja kuniinua.